Shemeji alivyoshusha inzi duarani badala ya mtoto

Wakuu, kwema humu? Hiki kisa kimetokea kwa dada yangu, huko Kharumwa, nikiwepo. Msinidai picha.

Kazi yangu ni kufuga inzi maabara. Wale wadogo wa kwenye ndizi mbivu. Ndiyo, nimesomeshwa kwa hilo. Chekeni mmalize.

Dada ana mapacha wa kufanana, Kulwa na Doto. Tofauti ni moja: jicho la kushoto la Doto lina baka la rangi ya asali.

Baba yao ana duara, shimo la dhahabu lisilotoa kitu zaidi ya jasho. Mganga akamwambia jicho lile linaona dhahabu, mtoto ashushwe kwa kamba aoneshe mwamba.

Mganga mwenyewe dhahabu hajaiona hata kwenye hereni.

Dada akanipigia analia. Nikaenda na chupa ya inzi.

Nikampa shemeji lenzi. Akaona jicho la inzi, jekundu lenye mabaka meupe.

"Shemeji, kila seli hapo ina jeni ileile ya wekundu. Ila jeni hiyo imekaa jirani na sehemu ya DNA iliyokazwa sana. Kwenye seli nyingine mkazo umeifikia, ikazimwa. Kwenye nyingine haukufika. Bahati tu."

"Nani kaizima?"

"Hakuna mtu."

"Na ya Doto?"

"Sijui kama ni kisa kilekile. Najua si uganga."

Akachungulia muda mrefu. Nikajipongeza moyoni, sayansi imeingia!

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "Doto ana jicho moja la hivi. Huyu anayo mawili."

Nikafungua mdomo kumsahihisha. Dada akanikanyaga.

"Mawili, Baba Kulwa," akasema. "Tena wako wengi humo."

Kesho yake chupa ikashushwa duarani, watu wazima wamevua kofia. Nami nimesimama pale na shahada yangu.

Dhahabu? Thubutu. Mganga akasema inzi wa mjini hawajui miamba ya huku.

Wakati wanaume wamezunguka shimo, dada alishapanda basi na mapacha hadi kwa mama yetu, Kolandoto. Wako huko mpaka leo, wanasoma. Shemeji anapiga simu kuomba radhi, dada anapokea akijisikia.

Nilichojifunza: si kila anayekusikiliza anaelewa, na kuna siku usimsahihishe mjinga mpaka mtoto afike mbali.

Karibuni mchangie. Mtakaosema Doto angeshushwa tu ajaribiwe, kamba bado ipo. Tangulieni nyie.