Mkwe Ndani ya Redio

Mama Akoth aliuza samaki wakavu sokoni Nakuru miaka kumi na miwili, na hakuogopa mtu. Hata askari wa manispaa alifokewa naye. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtoa mbio: Ogola, karani wa reli, mume wa binti yake. Kwao Wajaluo, mama mkwe na mkwe hawakutani ovyo, wala mmoja hali mbele ya mwenzake. Wengine mjini walikuwa wamelegeza. Mama Akoth alegeze? Thubutu!

Ndiyo maana siku moja mwaka wa 1957, alipomwona Ogola akija, alijitosa kwa kinyozi akaketi, uso ukutani. Kinyozi akauliza anyoe kiasi gani. "Nyoa tu," akasema, "mpaka nikwambie." Wee! Alitoka kichwa kama boga.

Sasa, kwao mwanamke akinyoa kichwa, amefiwa. Wenzake sokoni wakamiminika na pole. Angesema nini, kwamba amemkimbia mkwe mpaka akanyolewa? Akamuua mjomba wake palepale, kwa mdomo tu. Wachuka, muuza viazi mwenye huruma, alimletea sukari ratili nne. Mama Akoth alilia kwikwi, kisha akainywa yote kwenye chai.

Mwaka uliofuata Ogola aliandika kitabu kidogo kuhusu mila, na redio ya Nairobi ikamwita azungumze. Soko zima likajua, maana Mama Akoth mwenyewe alilitangazia. Jambo moja tu lilimnyima usingizi: je, siku ile Ogola alimwona? Akiropoka habari za kinyozi, mjomba atafufuka.

Siku yenyewe wanawake wa sokoni walijaa kwa binti yake Akoth, kwenye nyumba za reli, wakaizunguka redio aliyoazima kwa Kirit mwenye duka. Mama Akoth alikuwa ameshika tonge la ugali redio iliposema, "Hamjambo wote. Mimi ni Ogola."

Tonge likaanguka. Mama akajifunika leso gubigubi.

"Mama, hiyo ni redio tu," Akoth akasema.

"Najua ni redio. Na aliyemo ndani ni nani?"

Mtangazaji akauliza, "Bwana Ogola, Mwafrika wa mjini, wa suruali na saa ya mkononi, bado anajijua yeye ni nani?"

"Mimi najijua," Ogola akajibu. "Mimi ni mkwe wa mtu. Mwaka jana mama mkwe wangu aliniona njiani, akaniheshimu, akaingia kwa kinyozi. Nikapita. Nikarudi kuangalia kama ametoka, bado. Nikarudi tena, bado. Mara ya tatu nywele zote zilikuwa chini. Bwana, tangu siku hiyo sijauliza tena mimi ni nani."

Ndani ya leso, Mama Akoth aliomba ardhi ipasuke immeze.

"Kumbe mjomba hakufa?" Wachuka akauliza.

Leso ikajikunyata zaidi.

"Mama Akoth. Na sukari yangu?"

"Nitarudisha," leso ikasema. Kisha ikaanza kutikisika, na haikuwa aibu tena, ni kicheko. "Lakini mmesikia alivyonitaja? Heshima yangu imetangazwa Kenya nzima! Akoth, mwekee mkwe chai hapo mezani, mbele ya redio. Ngoja tu nitoke kwanza, nisimwone akinywa."