Ufunguo Mfukoni

Wenzake chuoni walimpachika jina la Bibi Taratibu, na kusema kweli lilimkaa. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali. Muulize habari za udongo, mbolea au minyoo ya mbuzi, atakujibu hujamaliza hata kuuliza. Lakini mfikishe karakana, mbele ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, anaizunguka mara tatu kabla ya kuigusa. Mwaka uliotangulia alifeli mtihani wa vitendo kwa sababu hiyo hiyo. Sasa alikuwa anarudia, na chuo kile hakina mara ya tatu. Akifeli tena, anafungasha virago.

Wasichokijua wenzake ni kwamba mashine ya namna ile ilimla baba yake vidole viwili. Majani yalikwama, baba akaingiza mkono kuyavuta huku visu vinazunguka, basi. Bibi Taratibu alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyekimbia kuita majirani.

Siku ya mtihani alivaa ovaroli na viatu vya mpira, akabana nywele zake zote ndani ya kofia. Masharti: mzigo mzima wa majani, dakika kumi. Msimamizi alikuwa mwalimu wa karakana, waliyemwita Mzee Zima kwa kuwa kila somo lake lilianza na "zima kwanza". Alisimama na saa mkononi, uso mkavu.

Dakika ya nne, majani yakakwama. Waliomtangulia, yalipowakwama, waliyachokoa na kijiti mashine ikinguruma, ilimradi dakika zisiwaishie, na Mzee Zima akawa anaandika tu. Yeye akapanda kwenye trekta inayoiendesha mashine, akaizima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akangoja gurudumu la visu lisimame. Nalo lilijizungukia kwa raha zake, utadhani halina habari na mtihani wa mtu.

"Bibi Taratibu, leo tutalala hapa," mwanafunzi mmoja akasema nyuma yake, wengine wakacheka.

Hakugeuka. Lilipotulia kabisa ndipo akaingiza mkono, akayatoa majani kidogo kidogo. Alipomaliza, saa ikalia. Nusu ya mzigo bado ilikuwa chini.

Hakungoja kuambiwa. Alipanda mbio hadi bwenini, akaburuta sanduku kutoka uvunguni, akaanza kukunja nguo huku machozi yanamtoka. Atamwambia nini baba? Mwaka mzima wa pili umepotea bure.

Hata hajafunga sanduku, mlango ukagongwa. Nje alisimama Mzee Zima, anahema, maana kutoka karakana hadi pale ni mlima.

"Ufunguo wangu uko wapi?"

Akapapasa mfuko. Uko. Trekta moja, ufunguo mmoja, na wanafunzi kumi na wawili wamekaa juu ya majani wakingoja zamu zao. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, mwalimu. Nimesahau kuurudisha."

"Kasi nimekupa sifuri, na hapo usinibishie," mzee akasema. "Lakini miaka yote nafundisha kwamba mwenye mkono ndani ya mashine ndiye anayekaa na ufunguo, na leo ndiyo mara ya kwanza napandishwa mlima kuudai. Usalama umepata alama zote. Umepita, kwa kubanabana." Akachungulia sanduku. "Unasafiri?"

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa napanga nguo."

"Panga basi," mzee akasema, akauchukua ufunguo na kushuka zake.

Bibi Taratibu akakaa kitandani juu ya nguo zake, akacheka na kulia kwa pamoja, moyo mweupe. Kisha akampigia baba yake simu.

"Baba, nimetoka kwenye mashine sasa hivi."

Baba akauliza kwanza: "Vidole?"

"Vyote kumi, baba."

Akamsikia anashusha pumzi, ndefu, mtu mzima yule.

"Haya," baba akasema, "sasa niambie umepata ngapi."