Kicheko cha Mama Matangani

Juzi mjini Eldoret nilipita kwa muuza vitabu vya mitumba, nikaona kitabu cha yule mwandishi aliyekuwa akituchekesha nyumbani. Nilikishika, nikakirudisha. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tulikaa mtaa wa Pioneer, vyumba viwili. Baba alikuwa karani, mama alishona nguo barazani. Jioni, mimi nikikata sukuma na maji ya ugali yakichemka kwenye jiko la makaa, mama alisoma kwa sauti. Mwandishi yule alijua watu: chifu anayejificha ndani ya pipa akimkimbia mkewe, mhubiri anayesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Mama hakuwahi kumaliza ukurasa. Alicheka mpaka machozi, akanipa niendelee, nami nikashindwa vilevile. Ugali uliungua mara nyingi, na baba aliula bila neno.

Kisha mvua na baridi vikaja, mdogo wangu akashikwa na nimonia. Mama alimpeleka hospitali ya misheni kule Plateau. Alirudi na blanketi tu.

Watu wakajaa kwetu. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku moja baada ya mazishi nilimpelekea uji chumbani, hakuugusa. Akaniomba nimsomee, popote pale. Nikasoma pale mhubiri anaposinzia. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa nguvu zake zote za zamani, na sebuleni wimbo wa dini ukakatika.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeingia kwanza.

"Mtoto amezikwa jana, na wewe unacheka?"

Mama akajipangusa macho. "Nimelia mpaka nimeisha, wifi. Niache nicheke hata kidogo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi akamwambia watu wanasikia, na kesho watasema mwanamke huyu ndiye aliyemla mtoto. Baba alichukua kitabu mikononi mwangu, akaenda nacho uani, akakitia kwenye moto uliokuwa ukipika chai ya wageni.

Maneno yalienea hata hivyo. Wateja wa mama walipungua, na waliopita barazani waliwavuta watoto wao. Mama hakubishana na mtu. Kitu kikimchekesha, aliziba mdomo kwa leso akasubiri kipite. Miaka baadaye baba alimnunulia kitabu kingine cha mwandishi yuleyule, akakiweka mezani kimyakimya. Mama alikuwa akipangusa meza akikizunguka.

Tulimzika mwaka jana. Majirani walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu: mama mpole, mama mtulivu, usingesikia sauti yake. Baba, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, aliinama sikioni mwangu.

"Hawakumjua," akasema.

Hatujaongea tena habari hiyo. Tumebaki wawili tu tunaokumbuka vile alivyokuwa akicheka.