Mkono Uliozoea Dama

Bado siamini. Nimecheza sataranji miaka mingi hapa Kalemie, na nimefungwa kwa hatua saba, chai yangu haijapoa.

Ilikuwa fainali, asubuhi, katika ukumbi wa parokia. Mshindi angepanda meli kwenda kucheza Kigoma, na nafasi ilikuwa moja tu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuaga. Mke wangu alinipigia pasi shati jeupe, majirani waliniagiza vitenge. Aliyebaki mbele yangu ni mama mmoja wa Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji, mwenye vumbi lake kwenye viatu. Nilimhurumia, mjinga mimi.

Alianza kwa kawaida: pioni ya katikati, farasi, kisha fu, yule anayekwenda kimshazari, halafu farasi wa pili. Nami nikampeleka fu wangu kumbana farasi wake wa kwanza, maana nyuma yake alisimama malkia. Farasi huyo asingethubutu kuondoka. Akaondoka. Alikula pioni yangu ya katikati na kumwacha malkia wazi.

Nilishtuka hadi nikamtazama usoni. Nilikuwa na vitu viwili vya kula: farasi huyo, au malkia. Sasa, sisi wa hapa tumelelewa na dama ya vizibo vya chupa. Kwenye dama kula ni lazima, na ukiwa na njia mbili unakula iliyo nono. Usipokula, mwenzako anaipuliza kete yako na kuitoa. Mkono wangu ulimbeba malkia kabla kichwa hakijaulizwa.

Fu wake akala pioni iliyo kando ya mfalme wangu. "Eshek," alisema, kunionya kuwa mfalme anashambuliwa. Mfalme alikuwa na chumba kimoja tu cha kukimbilia, akaingia humo. Farasi wake wa pili akarukia katikati, mfalme akakosa pa kwenda, basi, mchezo ukaisha. Malkia wake nilikuwa bado nimemshika mkononi.

Nilimwuliza kama hakuogopa kumtoa malkia.

"Niliogopa sana, Papa," alisema. "Kama ungekula farasi, mimi ndiyo ningerudi Kabimba leo. Lakini nilikuonaka ku dama, pale soko. Unakulaka kikubwa kila mara."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Shati lilikuwa limetundikwa mlangoni, na mke wangu aliniuliza meli inaondoka saa ngapi.