Kodiani Haipigwi Tukifungwa

Jumamosi moja jioni nilimdanganya mume wangu kwamba timu yetu imeshinda.

Hakubisha. Aliniambia nifungue dirisha.

Nikafungua. Baridi ya Julai ikaingia, ikakata mvuke wa chai yangu mezani. Akainamisha kichwa upande, kama kuku anayemsikilizia mwewe.

"Mbona honi hazilii?"

Akaisukuma kodiani yake, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, kutoka mapajani, taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani kwao.

"Hatujashinda," akasema. "Kodiani haipigwi tukifungwa."

Jamani, mtu huyu alikuwa ameshasahau jina langu tangu Pasaka. Siku nyingine aliniita mama, siku nyingine dada wa jikoni. Alimdhania binti yetu Raelene ni mwuza bima. Shati alivaa nyuma mbele.

Lakini hiyo sheria moja, wapi. Ilikaa kichwani kama msumari kwenye mbao.

Nieleze polepole, maana mambo haya ukiyakimbiza yanamwagika.

Naitwa Valma. Tunaishi Kurrabin, mji wa wakulima wa ngano huku Victoria, Australia. Barabara moja, duka la mikate, ghala refu la nafaka, na uwanja wa mpira.

Mpira wetu si ule wa duara. Wetu una umbo la yai. Unapigwa kwa mguu, unasukumwa kwa ngumi, unadakwa hewani mtu akimpanda mwenzake mgongoni. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne, wavu hakuna. Ukipita katikati ya zile mbili ndefu, hilo ni goli, alama sita. Ukipita pembeni yake, alama moja ya kufutia machozi.

Sisi wazee tunaangalia tukiwa ndani ya magari. Tunayapanga kuzunguka uzio, pua zikitazama uwanjani, blanketi magotini, chai kwenye chupa. Goli likiingia tunapiga honi. Mechi ikiisha, magari ya washindi yanalia yote kwa pamoja, mpaka mbwa wa mji mzima wanaitikia.

Halafu unakuja wimbo.

Kila timu ina wimbo wake, na unaimbwa na mshindi peke yake. Wachezaji wanarudi chumbani na matope yao, wanashikana mabega kwa duara, wanaimba mpaka mabati yanatetemeka. Aliyefungwa anavua viatu kimya. Hakuna palipoandikwa. Nimeona wanaume wa hapa wakivunja ndoa, sijaona aliyevunja hiyo.

Clem wangu ndiye aliyekuwa anasimama katikati ya duara na kodiani.

Alichezea timu mpaka goti likakataa, kisha akawa mpigaji wake. Akitoka pale anaingia ukumbini, watu wanacheza dansi na viatu vya shamba. Huko ndiko aliponinasa. Nilimwona haangalii vidole vyake, anaangalia miguu ya watu. Mama mjamzito akianza kuchoka, Clem anapunguza mwendo bila kuambiwa.

Ndiyo maana mimi na spika hatuelewani. Siku hizi vijana wanaweka simu juu ya benchi, wimbo unatoka kwenye kile kidude kama maziwa ya kopo. Sauti iko safi kabisa. Ila spika haina macho. Haijui kama aliyesimama mbele yake amevunjika ubavu au ametoka kuzika.

Basi ugonjwa wa kusahau ulipomwingia Clem, muuguzi alinieleza kwamba muziki huwa unachelewa kuondoka. Maneno yanaweza kwenda, nyuso zikaenda, wimbo ukabaki. Nikafurahi kama mjinga. Kila siku baada ya chai namwekea kodiani mapajani.

Kila siku ananirudishia. Hatujashinda.

Na kweli hatukuwa tumeshinda. Msimu uliopita hata mechi moja. Msimu huu hivyo hivyo. Tulikuwa tunapigwa kama mazulia.

Mwezi wa nane Raelene akaniketisha chini. Akasema amepata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji mkubwa, mbali. Nilitaka kugombana, lakini wiki hiyo hiyo Clem alikuwa ametoka nje na soksi, tukamkuta amesimama kwenye ngano ya watu. Nikakubali.

Angeondoka Jumatatu.

Jumamosi kabla yake ilikuwa mechi yetu ya mwisho ya msimu, nyumbani, dhidi ya Dunmarsh.

Nilitaka kitu kimoja tu. Wale vijana washinde, honi zilie, Clem apige. Nimwone mume wangu kwa urefu wa wimbo mmoja kabla sijamkabidhi kwa watu.

Sasa niambie, bibi wa umri wangu atafanya nini kuhusu hilo? Sina mguu wa kupiga mpira. Nilikwenda duka la mikate nikamweleza Lachie, nahodha wetu, anayeoka pale. Alifuta unga usoni akafikiri sana.

"Bibi Val, tutakufa uwanjani kwa ajili ya mzee," akasema. "Ila usiahidi mtu kitu. Unatujua tulivyo."

Jumamosi ikafika na ukungu.

Niliegesha mahali petu pa siku zote, jirani na chumba cha mabati. Zamani kilikuwa chetu. Tulipojenga kipya cha matofali ng'ambo ya uwanja, cha mabati tukawaachia wageni, na bomba lake linalovuja.

Upande wangu wa kulia akaja Noreen na kigari chake cha kijani, akaegesha karibu mpaka vioo vya pembeni vikabusiana. Noreen alizaliwa Kurrabin akaolewa Dunmarsh, na tangu aolewe hajawahi kuacha kunichokoza.

Akashusha kioo. "Val, wimbo mliotuibia bado mnaukumbuka? Au umeota kutu?"

Hilo ni gomvi la mababu. Wimbo wetu na wao ni lahani moja, aliyeitunga hajulikani. Maneno tu ndiyo tofauti, na kila upande unaapa kwamba mwenzake ndiye mwizi.

Nikamwambia aangalie mbele, leo tutawafunga mpaka alale na viatu. Akacheka. Kisha akamwona Clem na blanketi lake, kodiani iko kiti cha nyuma, na kicheko kikapungua. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli anaondoka Jumatatu. Nikaitikia kwa kichwa.

Mpira ukaanza.

Wenzangu, sijui waliwalisha nini wale vijana. Robo ya kwanza tuliongoza. Ya pili, bado tunaongoza. Nikapiga honi mpaka kiganja kikauma. Clem alikuwa anakula pai ya nyama, sosi imemjaa kwenye masharubu, macho kwa yule mwamuzi wa golini mwenye koti jeupe. Bendera mbili zikipepea, yaani goli, Clem anaguna.

Robo ya tatu akanyoosha mkono nyuma, akaigusa kodiani. Kuigusa tu, kama unavyomgusa ng'ombe kuona kama ametulia.



Robo ya nne mvua ikaja. Dunmarsh wakaanza kupunguza pengo, alama moja, goli, alama moja. Kioo kinajaa ukungu, nafuta kwa mkono wa sweta, kinajaa tena. Kuna wakati nilitamani kukiacha hivyo, nisione.

Tukabaki tunaongoza kwa alama nne. Saa ya uwanjani inakaribia mwisho.

Ndipo mpira mmoja mrefu ukaruka kuelekea golini kwetu, na jitu moja la Dunmarsh lenye ndevu nyekundu, wanaliita Darcy, likampanda Lachie mgongoni na kuudaka.

King'ora kikalia. Mechi imekwisha.

Lakini kwetu, aliyeudaka kabla ya king'ora ana haki ya kupiga. Uwanja mzima unasimama kumngoja.

Darcy akafuta mpira kwa jezi. Nikasali, nikimwomba Mungu kitu kidogo sana, upepo tu. Mungu alikuwa na kazi nyingine.

Bendera mbili.

Nikaweka uso kwenye usukani. Magari ya Dunmarsh yakalipuka kwa honi, la Noreen likiwa karibu na sikio langu kuliko yote.

"Sikia," akasema Clem.

Niliinua uso. Alikuwa anatabasamu. Sijaliona tabasamu lile tangu mwaka juzi.

"Honi," akasema. "Tumeshinda."

Kabla sijamsahihisha, Clem akafungua mlango, akaitoa kodiani kiti cha nyuma, akaivaa mabegani, akaondoka.

Akaelekea chumba cha mabati. Chumba chake cha ujana. Cha matofali hakukijua kabisa.

Nikasukuma mlango wangu. Ukagonga gari la Noreen, haufunguki. Nikamwona Noreen kupitia kioo, mkono uko kwenye honi, anamtazama Clem, kisha ananitazama mimi. Nikaanza kujiburuta kwenda kiti cha abiria, na goti langu hili, sketi imenasa kwenye gia. Kila sekunde naiona ile aibu kabla haijatokea: mzee wetu, mkongwe wa Kurrabin, anakwenda kuwapigia maadui siku waliyotuua.

Nilipofika kwenye mlango wa chumba alikuwa ameshaingia.

Wachezaji wa Dunmarsh walikuwa kwenye duara, matope matupu, simu inaimba kwenye spika. Walipomwona wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mzee umepotea," mmoja akamwambia. "Msiba uko ng'ambo kule."

Wakacheka. Clem hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye benchi.

"Zima hilo dude."

Darcy, yule yule aliyetuua, akanyoosha mkono akalizima. Likabaki kusikika bomba linalovuja.

"Tumeshinda?" Clem akamwuliza.

Darcy akaangalia nembo ya Kurrabin kwenye koti la Clem. Akaniangalia mimi, nimeng'ang'ania fremu ya mlango, nimelowa, natikisa kichwa bila kujua nakataa nini. Nje honi bado inalia.

Clem alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza.

"Tumeshinda, mzee," akasema Darcy. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Wakamfungulia duara. Wakamfungia ndani.

Na Clem akapiga.

Vidole havikukosea hata kimoja. Wao waliimba maneno ya Dunmarsh, yeye akaimba ya kwetu, yote, hata ubeti wa pili ambao sisi wenyewe tumeuacha. Kuna kijana mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kifundo kimevimba kama boga. Clem akamwona. Akapunguza mwendo. Kundi zima likapunguza naye, wala halikujua kwa nini.

Nilihisi watu nyuma yangu. Lachie na wenzake walikuwa wamevuka uwanja, wengine kiatu kimoja mguuni. Wimbo ni wao, mpigaji ni wao, na kinywa hakikufunguka hata kimoja. Tulikuwa tumefungwa. Lachie alisimama tu, matone yanamtiririka puani, na mvua haikuwa ikifika pale aliposimama.

Wimbo ukaisha. Clem akaangalia huku na huku, akanifikia.

"Val," akasema, "funga huo mlango, baridi inaingia."

Val.

Nikaufunga. Sikumbuki kama nilibaki ndani au nje.

Tulipotoka, honi ya mwisho ilikuwa inakata roho. Magari mengine ya Dunmarsh yalishaondoka zamani. Limebaki la kijani tu, na Noreen ndani yake, kiganja kimeganda palepale. Hakukiondoa tangu alipomwona Clem anashuka. Habari ya Clem na dirisha ilikuwa imeshamfikia; alijua asiposikia honi ataacha kupiga katikati ya wimbo.

Betri ilikuwa imekufa kabisa. Lachie na vijana wetu, ambao ndiyo kwanza wamefungwa, wakaenda kulisukuma kwenye tope.

Nilijaribu kumshukuru. Akapandisha kioo nusu. "Nilikuwa nashangilia timu yangu," akasema. "Usijipe umuhimu."

Jumatatu tulimpeleka Clem. Njia nzima aliniita dada.

Msimu uliofuata, mwezi wa tano, tulishinda. Kweli kabisa, kwa magoli mengi. Niliendesha kesho yake asubuhi mpaka kule nikamweleza, nikamwekea kodiani mapajani.

Akaniambia nifungue dirisha.

Madirisha ya kule hayafunguki, wameyafunga kwa usalama wa wazee. Nikamwambia hivyo. Akasubiri kidogo, kichwa upande, kisha akanirudishia kodiani kwa adabu, kana kwamba ni yangu. Tukakaa, nayo ikiwa katikati yetu kama mgeni asiye na mazungumzo. Hivyo ndivyo tunavyokaa kila Jumapili.

Wajukuu mnaosoma hapa, mimi shule yangu iliishia ya msingi, sina falsafa. Nawaambia hili tu: kushangiliwa siku ya ushindi si kitu, hata mbwa wanaitikia. Siku umefungwa, umelowa, huna la kufanya, geuka uangalie ni nani bado ameweka mkono kwenye honi.

Na usimwulize timu yake.