Unyoya wa Mbayuwayu, Unywele wa Bwana

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kutuma vifurushi hapa Lubumbashi, nyuma ya msichana mmoja wa chuo. Karani alifungua bahasha yake, akaona manyoya, akaiangusha kama kaa la moto.

"Hii iko bulozi? Uchawi?"

"Hapana, papa. Iko manyoya ya mbayuwayu, ndege ya kuhamahama. Kule maabara batasoma jeni, bajue fasi, mahali balibazala, ndiyo bachunge ile fasi. Kama haifike, kazi yangu ya mwaka muzima imekufa."

Karani aliguna, akatafuta muhuri. Hapo mama aliyekuwa nyuma yangu akamgeukia mumewe, akamng'oa unywele mmoja, akampelekea msichana.

"Na huyu anahamahama. Kila juma iko Kasumbalesa, kule mupakani. Mumupime, muniambie fasi analala."

"Mama, itaonyesha tu fasi balimuzala."

"Ile naijua! Ni kwa mama yake, na ni kule anasema analala."

Foleni nzima ikacheka. Karani naye, huku akicheka, akagonga muhuri, bahasha ikapita. Mume akamwinamia msichana, akanong'ona:

"Binti, masomo yako imetosha. Usiongeze."

Mimi nadhani aongeze. Mbayuwayu wanamhitaji, na yule mama pia.