Bunduki za Barazani kwa Verda

Pale Pritchard Hollow, katika milima ya Pennsylvania, hakuna aliyewahi kuwinda kulungu bila kupita kwanza mikononi mwa Verda Hetrick. Jimbo linataka mtoto afundishwe kabla ya kupewa leseni ya kuwinda, na kwa miaka mingi mwalimu alikuwa yeye, ndani ya ukumbi wa zimamoto, kati ya gari la maji na meza za mchezo wa bingo. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mlango wa banda usiotiwa mafuta. Mumewe, Arlo, aliuawa na vumbi la mgodi lililomjaa mapafuni. Alimwachia nyumba, chumba cha baridi cha kutundikia nyama, na bunduki za ukoo mzima wa Hetrick.

Masomo yake yalikuwa machache, nayo aliyarudia mpaka watoto wakayaota. Kila bunduki ina risasi mpaka uone kwa macho yako kwamba haina. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiua. Ukipita penye watu, uinamishe. Ukimaliza, toa risasi, iache wazi, ielekeze ukutani.

Mimi niliolewa mji ule, nyumba ya pili kutoka kwake, na wanangu walisoma kwake. Mkubwa aligeuka na mtutu huku anacheka, akafelishwa papo hapo. Verda akamwambia, "Rudi mwakani, bwana mdogo. Hawa wenzako bado nawahitaji." Tulicheka mwaka mzima nyumbani.

Kisha ukaja mwezi wa kumi ule.

Tobin Neff alikuwa na miaka kumi na saba. Alilelewa na babu yake, Orrin Neff, mwenyekiti wa klabu ya shabaha, mtu mpole aliyekuwa rafiki wa Arlo tangu utotoni. Asubuhi hiyo Tobin alichukua bunduki ya babu, iliyokuwa ikining'inia juu ya mlango wa jikoni kama zilivyoning'inia katika nyumba nyingi, akaenda nayo shuleni. Aliua watoto wanne na mwalimu wa hesabu.

Ya ndani ya jengo lile sitayasimulia. Nitasema moja tu, maana ndilo lililomfika Verda. Polisi walimkuta Tobin maktabani, amekaa kitini, mikono juu ya magoti. Bunduki ilikuwa mezani mbele yake, tupu, imefunguliwa, mtutu ukutani, na risasi zilizobaki zimepangwa kando yake. Alipowaona polisi alisema, kwa sauti ya mwanafunzi anayejibu swali, "Iko salama. Nimeitazama."

Polisi aliyeingia wa kwanza alikuwa naye amefundishwa na Verda. Alimweleza mkewe, na kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa umeshajua.

Baada ya mazishi, msichana mmoja, Jolene Kuhns, alikwenda nyumbani kwa Verda. Siku ile alikuwa amejificha chini ya dawati. Baba yake, Denny, alibaki nje kwenye gari, injini inanguruma. Jolene hakukaa. Alisema, "Bi Hetrick, alipopita mlangoni kwetu aliinamisha mtutu. Vilevile ulivyotufundisha kupita penye watu. Nilijua kasoma kwako kabla sijamwona uso." Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe, kisha akatoka.

Tangu siku hiyo Verda akaanza kuisikia sauti yake mwenyewe ndani ya nyumba. Alinieleza uani, tukianua nguo. Hakuwa akizungumza juu ya mizimu, alisema. Alikuwa na akili zake. Ila aliweza kuwa jikoni, na kutoka chumba cha mwisho akasikia sauti kavu ikikariri: uinamishe, itoe, iache wazi. Akifunga bomba la maji ili asikilize vizuri, inanyamaza. Akifungulia tena, inaendelea.

Klabu ya shabaha iliitisha mkutano. Nilikwenda na mume wangu. Orrin hakuja, na kiti chake cha mwenyekiti kilibaki mbele, peke yake, hakuna aliyethubutu kukisogeza. Watu walizungumza wakikitazama. Mmoja akasema walimu wapewe silaha. Muuguzi mmoja, mwindaji hodari kuliko wanaume wengi pale, akasema mtoto asiyeruhusiwa kununua bia asiruhusiwe kununua bunduki. Mzee mmoja akasema sheria zitaandikwa na watu wa jiji la Philadelphia ambao hawajawahi kuchuna hata sungura. Wachache wakacheka, wakajutia kicheko chao.

Denny Kuhns ndiye aliyesema kwa uchungu zaidi. Alisema bunduki ya Orrin ilikaa juu ya ule mlango tangu enzi za baba yake na haikumdhuru mtu. Kilichooza ni moyo wa mtoto, na moyo hautungiwi sheria. Alisema ukiwapa serikali moja leo, kesho watarudi kuchukua zote. Binti yake mwenyewe alikuwa ndani ya jengo lile, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hajui asemalo.

Verda akasimama.

"Nina bunduki nyingi kuliko wengi wenu," alisema. "Sitaki mtu azichukue. Lakini nataka iwe sheria kuzifungia kwa kufuli. Na nataka hakimu aweze kushikilia bunduki ya mtu aliyeanza kuharibika, mpaka atengemae. Nitakwenda kwenye bunge la jimbo nikayaseme hayo."

"Na nani atapima kwamba fulani kaharibika?" Denny aliuliza. "Wewe?"

"Mimi sijui kitu siku hizi, Denny. Ila kila mtu humu anajua yaliyomo nyumbani kwake. Asiyeiamini nyumba yake aniletee bunduki zake. Sitauliza neno."

"Utangoja sana, Verda."

Hakungoja. Wiki hiyohiyo, asubuhi alipofungua mlango, alikuta bunduki barazani imefungwa kwa blanketi la mtoto. Kesho yake mbili. Mbwa wake, anayebwekea hata jani likidondoka, hakuwa amebweka. Kwenye nyasi zenye barafu zilionekana nyayo za kuja na za kurudi, zikaishia kwenye lami. Hapakuwa na jina wala ujumbe. Zote zilikuwa tupu, zimefunguliwa, zimeegemezwa safu moja, mitutu ukutani. Kila mwenye kuleta alikuwa amezipanga kama alivyofundishwa, na Verda alipoziona zimesimama hivyo, alikumbuka meza ya maktaba, akashika nguzo.

Alikizima kile chumba cha baridi, akazifungia humo, ufunguo akauvaa shingoni.

Ndipo mji ukawa na tabia mpya. Ukikutana na mtu dukani, mtaongea habari za theluji na bei ya nyama, na Verda akiingia, macho yake yatakwenda kwenye ule ufunguo shingoni, kisha yatakwenda kwako, kukupima kama ni wewe pia uliyepeleka. Mume wangu alipeleka yetu. Hakuniambia, niliona tu misumari ukutani haina kitu, nami sikumwuliza.

Asubuhi moja Verda aliniita kwa simu. Nilimkuta amesimama mlangoni kwa ndani, hawezi kuvuka kizingiti. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya mbao za baraza, haijafunikwa, haikuegemezwa popote, mtutu unatazama mlango. Ilikuwa na risasi. Aliizunguka kwa kupitia mlango wa nyuma, akaitoa risasi taratibu, akanionyesha kiganjani.

"Huyu alikuwa na haraka," alisema. "Alitaka imtoke mkononi kabla hajabadili nia."

Hatukumjua ni nani. Nilirudi nyumbani nikitazama madirisha ya watu niliokaa nao nusu ya umri wangu, na kila pazia niliona kama limesogezwa sasa hivi.

Kati ya zilizoletwa, Verda aliitambua ya Denny, kwa sababu ndiyo Denny aliyokuwa ameishika alipofundishwa naye akiwa mtoto. Denny mwenyewe hakuficha. Walipokutana kwenye kituo cha mafuta alimwambia, "Hiyo sheria yenu bado siitaki, na nitaipinga mpaka kaburini. Ila binti yangu hapati usingizi ikiwa nyumbani."

"Sikukuuliza," Verda akajibu.

"Najua. Ndiyo maana nilikuletea wewe."

Mzee Orrin naye alikuwa ameleta zake zote zilizobaki baada ya polisi kuondoka na ile moja. Alizileta mchana kweupe, kwenye toroli, watu wakimtazama. Alizipanga barazani, akarudi kwake, hakugonga hodi.

Kisha ikafika siku ya kwanza ya msimu wa kulungu. Kwetu siku hiyo hata shule hufungwa, na alfajiri milima hulia kwa risasi kama mahindi ya bisi kikaangoni. Mwaka ule kulipambazuka kimya. Hakuna aliyetoa amri wala kupatana na mwenzake. Kila mmoja alikuwa amekaa jikoni kwake akingoja asikie mlio wa mwingine, na haukuja.

Kulungu waliteremka. Ilipofika saa ya chai walikuwa barabarani, kwenye kituo cha mafuta, kati ya magari. Kundi kubwa zaidi lilisimama katika uwanja wa shule iliyofungwa, juu ya theluji, vichwa vyote vimeelekea jengo. Gari likipita hawakukimbia. Walisogea kidogo tu, kama wanaompisha mwenyeji.

Nilikuwa kwa Verda, nageuza chapati za ngano nyeusi, mlango ulipogongwa. Alikuwa Orrin, kichwa wazi, theluji mabegani.

"Nimekuja kuchukua moja," alisema. "Ile ndogo. Leo siku ya kwanza."

Verda alimtazama kutoka juu mpaka chini. Watu wetu hawaingii msituni siku ile bila fulana ya rangi ya machungwa inayoonekana maili nzima. Orrin alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Fulana yako iko wapi?"

"Siendi mbali," Orrin akasema.

Nilikiondoa kikaango motoni. Verda alishika ule ufunguo kifuani juu ya nguo.

"Ni yako, Orrin," alisema. "Sina haki nayo hata chembe. Ukimwita sherifu, atanilazimisha nikupe. Lakini sikupi."

"Ulisema hutauliza."

"Ulipoleta sikuuliza."

Orrin alikung'uta theluji mabegani. "Kwa hiyo nawe umekuwa serikali," alisema.

"Kwa leo, ndiyo. Vua koti, ule."

Nilidhani ataondoka. Aliketi. Nilimwekea chapati na asali ya utomvu wa mti, hakuzigusa. Tukakaa watatu, na kimya cha nje kikaingia mpaka ndani, tukawa tunasikia theluji ikiteleza paani. Kulungu jike akaja mpaka dirishani, akaweka pua karibu na kioo, kikapata ukungu. Orrin alimtazama kulungu huyo alipozungumza.

"Wanasema ilifaa niifungie ile bunduki. Verda, ningeifungia, na ufunguo ningempa Tobin. Angeniomba tu."

"Najua," Verda alisema. "Mimi nilimpa cheti."

Hakumwambia kwamba si kosa lake. Hakumshika mkono. Alimmiminia kahawa nyingine, na mzee akainywa. Mchana Verda alimpigia simu dada yake Orrin aliyeko Ohio. Dada akaja na mwanawe, wakamchukua. Yuko huko hadi leo, anatengeneza mashine za kukatia majani, na kila Krismasi anamtumia Verda boksi la machungwa.

Baridi ile Verda alikwenda kwenye bunge la jimbo, kama alivyoahidi. Katika korido mwanamume mwenye beji ya watetezi wa bunduki kofiani alimwita msaliti. Hatua chache mbele, mama wa mtoto aliyeuawa katika mji mwingine alimkumbatia, akamwuliza sikioni kama bado anazo bunduki zake. Verda akasema anazo. Yule mama akamwachia. Mswada ulikufa kwenye kamati kabla hata haujapigiwa kura, na Denny alikuwa mmoja wa waliosafiri kuupinga. Walirudi wote wawili kwa gari moja, lile la Denny, maana la Verda liligoma njiani.

Mwaka uliofuata milio ilirudi milimani, kwanza mmoja, wa kusitasita, kisha mingine. Watu wakaanza kuja kuchukua zao. Verda aliweka sharti moja: mtu aje mchana, mwenyewe, amtazame usoni. Wawili aliwarudisha mikono mitupu, na mmoja wao hajamsamehe. Mume wangu alichukua yetu, akanunua kabati la chuma. Denny alichukua yake Jolene alipokwenda chuo.

Madarasa ameyarudia, wanafunzi wakiwa wachache. Ile sauti ya chumba cha mwisho hajaacha kuisikia. Anasema ameizoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Na katika kile chumba cha baridi zimo bunduki ambazo hakuna aliyezifuata mpaka leo. Wenyewe wapo. Wanakutana naye posta na kanisani, wanamwamkia, wanamwuliza hali ya goti lake.